Kamba Inaonekana! Maneno Machache juu ya Sinema za Dunia Iliyopotea



Siku hizi kumekuwa na maneno mengi hapa shuleni juu ya sinema za Jumamosi jioni. Wengine wanasema ziendelee, wengine wanasema zikomeshwe, na mzazi mmoja katika mkutano wa wazazi aliuliza mbele ya watu wote kama watoto wameletwa interna kusoma ao kutazama mijusi. Sisi viongozi wa wanafunzi, tulio katika darasa la mwisho, ndio tunaoshika ufunguo wa ukumbi na kutia esansi ndani ya jenereta. Basi tumeombwa kutoa maoni yetu, na tunayatoa hapa, bila kuficha kwamba sinema zile tunazipenda sana.

Kwanza tuwaeleze wale wasioingia. Hadithi yao ni karibu moja siku zote. Wazungu wachache (profesa mwenye ndevu, msichana mmoja, na kijana mwenye ngumi) wanapotea njia na kufika katika nchi isiyoandikwa kwenye ramani. Huko wanyama wa zamani, wale dinosaria, hawajafa. Huko kuna watu waliovaa ngozi, nao hawajui kusema, wananguruma tu. Mwisho mlima unatoa moto, wageni wanakimbia, na wenyeji hatuambiwi walifia wapi. Jina la “dunia iliyopotea” limetoka katika kitabu cha Mwingereza Arthur Conan Doyle cha mwaka 1912, lakini mwenzake H. Rider Haggard alikuwa amemtangulia mwaka 1885 kwa kitabu cha migodi ya Mfalme Sulemani, na fasi aliyoichagua ni Afrika.

Taabu ya watu wa sinema hizi ni kwamba hadithi ni kubwa na mfuko ni mdogo. Anayetaka kuonyesha dinosaria hana dinosaria. Mwaka 1925, kitabu cha Conan Doyle kilipofanywa sinema, fundi Willis O'Brien alitengeneza wanyama wadogo, akawapiga picha moja moja, akisogeza mguu ao shingo kidogo tu kwa kila picha. Ni kazi ya uvumilivu, kama kusuka kikapu. Mwaka 1960 Irwin Allen aliifanya sinema ile tena. O'Brien aliitwa kusaidia, lakini wanyama wake hawakutumiwa, maana feza hazikuwako: kampuni ilikuwa inazimwaga zote katika sinema ingine, Cleopatra. Basi walifanya nini? Walikamata mijusi wa kweli, wakawabandika pembe na mapezi kwa gundi, wakawapiga picha kwa karibu ili waonekane kama mlima. Tulipoionyesha, ukumbi mzima ulilia: “Mjusi amevalishwa kofia!” Wengine walimhurumia. Sisi wa milima hii tunaye kinyonga wa pembe tatu, anatembea polepole juu ya majani, na hakuna mtu aliyempaka gundi. Kama Bwana Allen angekuja Lubero angepunguza gharama.

Lakini mfalme wa sinema hizi kwetu ni The Land That Time Forgot, iliyofanywa Uingereza mwaka 1974, nayo inatoka katika kitabu cha Edgar Rice Burroughs, yule yule wa Tarzan. (Burroughs alijaza Afrika vitabu vingi bila kukanyaga Afrika hata siku moja.) Manowari ya Wadachi ya vita vya kwanza inafika kwenye kisiwa cha dinosaria. Ndani yake mnatokea ndege mkubwa wa zamani, mwenye mdomo mrefu na mabawa ya ngozi. Ndege yule hapigi mabawa. Amekakamaa kama mlango uliong'oka kwenye bawaba, anabembea kushoto na kulia, maana ametundikwa. Mara ya kwanza alipotokea, kijana mmoja nyuma alisimama juu ya benchi akapaza sauti: “Kamba inaonekana!”

Tangu siku ile neno hilo limekuwa mezali ya shule nzima. Mwanafunzi akisema anaumwa kichwa asubuhi ya kazi ya shamba, wenzake wanamjibu: kamba inaonekana. Mwingine akieleza kwamba barua ya msichana ilianguka yenyewe ndani ya daftari lake, kamba inaonekana. Tumesikia hata mwalimu mmoja wa hesabu akilitumia mbele ya ubao, juu ya jibu lililonakiliwa kwa jirani.

Sasa, juu ya nini tunapenda kitu kibaya namna ile? Mwandishi wa Marekani Susan Sontag alitafuta jambo hili katika makala moja ya mwaka 1964. Alieleza kwamba kuna vitu vinavyotupendeza kwa sababu vilizidi kiasi vikashindwa, na vilivyo vitamu zaidi ni vile ambavyo mwenye kuvitengeneza hakutaka kuchekesha. Alifanya kwa moyo wote. Sisi tunaona alisema kweli. Mtazameni Doug McClure, yule mwenye ngumi. Mnyama wa mpira anamkaribia, na mkono wa mtu unaonekana kuwa ndani ya shingo ya mnyama, lakini uso wa Doug hautikisiki. Anaogopa kwa bidii. Kama angekonyeza jicho hata mara moja, sinema ingekufa palepale. Ni sawa na mtoto anayeendesha chikudu cha mti na kusema ni kamiyo: ukimcheka usoni utamwudhi, lakini ukipanda nyuma yake mtafika mbali.

Sinema za siku hizi za komputa ni nzuri, hatukatai. Wanyama wao wana jasho na mate, tunatazama vinywa wazi, tunanyamaza, kisha tunaenda kulala. Lakini za mpira zinatupa kazi. Sinema inasema Kiingereza, na katika ukumbi wetu anayekijua vizuri ni mmoja ao wawili, basi mmoja anasimama kando ya shuka na kutafsiri. Kazi hiyo si mpya. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Nairobi walipata jina kubwa kwa kuzisemea sinema za kigeni katika Kiswahili, na Kampala nako wako mafundi wa kuzisemea kwa Kiganda. Mkalimani wetu ni wa darasa la mwisho kama sisi, naye anaongeza chumvi. Watu wa ngozi wanapoanza kunguruma, anatuambia wanabishana bei ya kabichi na puaro kwenye soko la Butembo. Mmoja ananguruma, “Mfuko mzima?” Mwingine ananguruma, “Pamoja na usafiri!” Pale hata Bwana Prefe alicheka, tulimwona.

Tumefika kwenye neno lililotufanya tushike kalamu.

Wote mnajua mambo ya upande wa Beni. Tangu mwaka 2014 watu wengi wameuawa katika vijiji vya kule, na wengi wamekimbia. Wenzetu kadhaa walio hapa wametoka huko, hasa wadogo wa darasa la saba. Hatutaandika hapa waliyoyaona. Ni mali yao. Tunaandika tu yale ambayo kiongozi wa bweni anayaona: kwamba tulipokwenda kutafuta kuni karibu na miti mingi, wawili walibaki njiani na mashoka yao, hawakusema neno, nasi hatukuwauliza. Kwao pori si fasi ya ndege na uyoga. Pori ni fasi ambayo watu wanatoka usiku.

Jumamosi moja tulionyesha At the Earth's Core, ya mwaka 1976. Ndani yake Doug McClure na Peter Cushing wanatoboa udongo kwa mashine ya chuma hata wanafika chini kabisa, ambako kuna msitu chini ya anga la rangi ya waridi, na wanyama ambao ni watu waliovaa magunia ya mpira. Mnyama mmoja anafanana na chura, anatoa moto mdomoni, kisha anaanguka chini na kupasuka. Kicheko kilikuwa kikubwa sana. Kiisha tulipokuwa tunakunja shuka, mmoja wa wale wawili alikuja, akasimama karibu na mashine.

“Yaya, ile pori iko fasi gani?”

Tulimjibu kweli: ilijengwa Pinewood, karibu na London. Iko ndani ya nyumba. Miti ni ya kutengeneza, jua ni taa, usiku wanafunga mlango kwa ufunguo.

Alifikiri kidogo. “Basi ile mimi naweza kuingia,” akasema, akatusaidia kubeba mabenchi.

Hatudai kwamba sinema inaponyesha mtu. Mchungaji wetu anajua kazi hiyo kuliko sisi, na anaifanya. Tunasema tu kwamba mtoto yule alicheka pori jioni nzima, kwa sababu kamba ilionekana. Kama tungemwonyesha pori iliyofanywa vizuri, yenye giza la kweli, tunafikiri asingekaa hata dakika tano. Ndiyo maana hatukubali ile hoja ya kwamba sinema hizi ni mbaya juu ya uongo wao. Uongo wao uko wazi kama viraka. Mzazi aliyeuliza juu ya mijusi, tunamheshimu, lakini mijusi si shida.

Shida iko pengine, na hapo tunaungana kidogo na wanaolalamika. Kuna kamba ingine ndani ya sinema hizi, nyembamba zaidi, na watu hawaipigii kelele. Ni lile neno la kwanza: “nchi isiyojulikana”. Haijulikani na nani?

Mwaka 1985 kampuni ya Cannon ilifanya King Solomon's Mines kule Zimbabwe, na Richard Chamberlain na Sharon Stone. Watu weusi wa mule wanawatia mashujaa ndani ya chungu kikubwa kama nyumba, pamoja na mboga, ili wawachemshe. Tulicheka, maana mboga zenyewe ni kubwa ajabu. Lakini kicheko kilikuwa na vipande viwili, na kila mtu alikuwa anamtazama jirani yake. Mpaka msichana mmoja wa darasa la ufundi akauliza kwa sauti: “Chungu kile, nani alikitengeneza?” Swali zuri sana! Watu wanaoweza kutengeneza chombo cha ukubwa ule na kukiweka juu ya moto bila kupasuka si washenzi, ni mafundi wakubwa. Tungependa sinema ituonyeshe kiwanda chao.

Mwaka huohuo Disney walitoa sinema ya mtoto wa dinosaria katika misitu ya Afrika, inaitwa Baby. Wameichukua katika mambo ya mokele-mbembe, mnyama anayesimuliwa huko Likouala, Kongo ya Brazzaville. Profesa mmoja wa Chicago, Roy Mackal, alisafiri kumtafuta mwaka 1980 na tena 1981, akarudi bila mnyama. Sinema yenyewe waliipiga Kodivaa. Mtoto yule wa mpira anapendeza, wasichana walimpenda. Ila tuliona kwamba kuja kutafuta mnyama asiyekuwapo ni rahisi kuliko kusikiliza juu ya yule aliyepo.

Maana aliyepo ni wa kwetu. Stanley aliandika mwaka 1890 kwamba Wambuti wa msitu wa Ituri wanamjua mnyama fulani kama punda. Kisha Harry Johnston, mkubwa wa Waingereza katika Uganda, aliwakuta Wambuti waliotekwa na Mjerumani mmoja, ambaye alitaka kuwapeleka Paris kwenye maonyesho ya mwaka 1900, watu wawalipie feza kuwatazama. Johnston aliwarudisha kwao, na njiani aliwauliza juu ya punda yule. Wakamweleza vizuri. Alipofika ngome ya Mbeni, jina ambalo Beni yetu inalo hata leo, alipata vipande vya ngozi yake: askari walikuwa wamevifanya mikanda! Dunia iliyopotea, nayo iko kiunoni mwa askari! Kule London walidhani kwanza ni namna ya punda milia. Mafuvu yalipofika waliona ni ndugu ya twiga, na mwaka 1901 akapewa jina la Okapia johnstoni. Yule kinyonga wetu wa pembe tatu naye alipewa jina la Johnston mwaka uleule. Wambuti hawakupewa kitu. Na mwaka 2008, mashine za picha zilizofichwa msituni zilipomnasa okapi katika Hifadhi ya Virunga, magazeti ya mbali yaliandika tena kama kwamba alikuwa amepotea.

Tuchukue sasa sinema iitwayo Congo, ya mwaka 1995. Hii si ya mfuko mdogo, iligharimu dola karibu milioni 50, lakini tunaiweka ndani ya boksi moja na zingine kwa sababu kamba inaonekana vilevile. Katika milima ya Virunga kuna mji uliokufa wenye almasi, unaolindwa na nyani wa kijivu, ambao ni watu wamevaa manyoya. Mji unaitwa Zinj. Neno hilo Waarabu wa zamani walilitumia kwa watu wa pwani, na Zanzibar imelipata jina lake humo. Ni zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa, lakini kwa Hollywood ni nyumba jirani. Volkano inapasuka, mashujaa wanaondoka kwa baluni. Wenzetu wa Goma, ambao waliteremkiwa na Nyiragongo mwaka 2002 na tena 2021, walisema kwamba wao hawakuletewa baluni.

Sikilizeni sasa. Mwaka ule ule wa 1995, wachunguzi walitangaza mambo waliyoyachimbua Katanda, kando ya Semliki: ncha za mifupa zenye meno, za kuvulia samaki, zilizochongwa na watu miaka karibu 90,000 iliyopita. Si mbali na pale ni Ishango, ambako Semliki inatoka ziwa Edouard. Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata huko mwaka 1950 mfupa mdogo uliochanjwa mistari kwa mafungu mafungu, na unakadiriwa kuwa na miaka kama 20,000. Wataalamu wanabishana kama ni hesabu ao kalenda ya mwezi. Mfupa wenyewe uko Bruxelles. Lakini aliyeuchanja alikaa hapa, akatazama ziwa letu, akahesabu kitu. Watu wa zamani ambao sinema inawafanya wangurume, huku kwetu walikuwa wanachanja mistari kwa mpango.

Jambo hili lilituuma kidogo, tuseme wazi. Katika wanafunzi 40 wa darasa letu, wote walijua ndege wa Doug McClure, na watatu tu walikuwa wamesikia neno Ishango. Wawili kati yao walifikiri ni jina la mchezaji wa mpira.

Basi maoni yetu viongozi ni haya. Sinema ziendelee. Mambo ya mavazi yasiwape wazazi wasiwasi: msichana wa ngozi akitokea, mmoja wetu anaweka kartoni mbele ya mashine mpaka apite, na Mchungaji anakaa palepale kuhakikisha kartoni haichelewi. Juu ya masomo, hakuna sinema katika majuma sita ya mwisho kabla ya Mtihani wa Serikali. Sisi wenyewe ndio tuliomba hivyo. Lakini tunawaomba walimu wa historia na jiografia watupatie dakika 10 kabla ya kila sinema, mmoja asimame na ramani yetu, atuonyeshe nchi ile “isiyojulikana” iko wapi na nani alikuwa anaishi humo. Tena si lazima awe mwalimu. Wako wanafunzi waliozaliwa Kyavinyonge, kando ya ziwa, wanaweza kueleza namna wavuvi wanavyokutana na kiboko usiku, na kiboko hana kamba.

Jumamosi ijayo, kama mvua haitaharibu mambo, tutaonyesha The People That Time Forgot, ya mwaka 1977. Milima yake ni ya kweli, ya kisiwa cha La Palma. Wanyama ni kama kawaida. Kila darasa lilete feza ya esansi kwetu kabla ya Ijumaa saa sita. Darasa la saba hawalipi. Wanaotaka kusaidia mkalimani watoe majina kwa kiongozi wa bweni la pili, na anayejua kunguruma vizuri atapewa watu wa ngozi. Kila mtu aje na koti, maana ukumbi una baridi. Na maganda ya karanga yasitupwe chini; mara iliyopita tulifagia sisi.